Shule ya Kifaransa ya Lugha Mbili: Pima Hivi Kabla ya Kutuma Karo

Shule za mfumo wa Kifaransa hufungua mwaka Septemba. Kwa hivyo fomu za maombi hujazwa miezi kadhaa kabla, wakati wengi wetu bado tunajikokota kutoka kwa karo ya Januari na ile njaa yake. Hapo ndipo mzazi anajikuta na karatasi mkononi: kiingilio, amana, karo ya muhula wa kwanza, na tarehe ya mwisho ya kulipa. Nafasi ni chache, ameambiwa, alipe haraka.

Sisi kazi yetu ni kukusaidia kulipa. Lakini kwa hili tungependa usilipe kwanza. Karo ya shule ya kimataifa ndiyo malipo makubwa kuliko yote ambayo familia nyingi hufanya kwa simu, na si ya mara moja. Mtoto anayeanza akiwa na miaka 3 katika mfumo wa Kifaransa ana miaka 15 mbele yake. Akitolewa katikati kwa sababu pesa zimeisha, anayeumia zaidi ni yeye, si akaunti yako. Hebu tupitie mambo ya kupima, kisha tufike kwa malipo yenyewe.

"Ya Kifaransa" inamaanisha nini?

Jina kwenye lango halitoshi. Shule tatu zinaweza kuandika "Kifaransa" kwenye tangazo na zikawa vitu vitatu tofauti kabisa.

Ya kwanza ni shule iliyoidhinishwa na Wizara ya Elimu ya Ufaransa. Wafaransa huita idhini hiyo homologation. Shule kama hiyo hufuata mtaala wa Ufaransa na mtoto wake anaweza kuhamia shule nyingine yenye idhini hiyo, iwe Dakar, Kinshasa au Paris, bila kufanya mtihani wa kuingia. Nyingi ziko chini ya mtandao wa shirika la serikali ya Ufaransa liitwalo AEFE, lililoanzishwa 1990. Mtandao huo una karibu shule 600 katika nchi zaidi ya 130. Hapa Nairobi, Lycée Denis Diderot iliyoko Kilimani ni mojawapo, na hupeleka watoto kuanzia chekechea hadi mwaka wa mwisho wa sekondari.

Ya pili ni shule ya mfumo mwingine, wa Uingereza, wa IB au hata wa Kenya, inayofundisha Kifaransa kama somo. Hapo mtoto anapata vipindi kadhaa kwa wiki. Ni jambo jema, ila hatafanya mtihani wa Ufaransa na hatasoma hesabu kwa Kifaransa.

Ya tatu ni shule ya kibinafsi inayojiita ya lugha mbili lakini haina idhini ya mtu yeyote Ufaransa. Inaweza kuwa na walimu wazuri sana. Lakini ikiwa bei yake ni ya shule iliyoidhinishwa, una haki ya kuuliza unalipia nini. Utasikia pia jina LabelFrancÉducation. Hiyo ni alama iliyoanza kutolewa 2012 kwa shule zisizo za mfumo wa Ufaransa lakini zenye mkondo wa lugha mbili unaokidhi viwango fulani. Ni alama ya heshima, ila si sawa na homologation.

Jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui: idhini hutolewa kwa kiwango, si kwa shule nzima kwa mkupuo. Shule inaweza kuwa imeidhinishwa kwa chekechea na msingi tu, huku sekondari bado. Wizara ya Ufaransa huchapisha orodha rasmi kila mwaka. Usiulize, "Mmeidhinishwa?" Uliza, "Mmeidhinishwa mpaka darasa gani, na nikiangalia kwenye orodha ya mwaka huu nitawaona?"

Safari ya miaka 15

Ni vizuri kujua majina, kwa sababu ndiyo utakayoyaona kwenye bili.

Maternelle ni chekechea ya miaka 3. Kisha kuna miaka 5 ya msingi, kuanzia CP hadi CM2. Halafu collège ya miaka 4, ambayo huhesabiwa kurudi nyuma: mtoto anaanza na sixième, yaani ya sita, na kumaliza na troisième, ya tatu. Mwisho wake kuna mtihani wa Brevet. Kisha lycée ya miaka 3: seconde, première na terminale, na hapo ndipo Baccalauréat.

Umri huhesabiwa kwa mwaka wa kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa wakati wowote 2020 anaingia CP Septemba 2026, awe ni wa Januari au wa Desemba. Kwa hivyo mtoto wa Desemba anaingia darasa la kwanza akiwa bado na miaka 5, na anakaa na wenzake waliomzidi karibu mwaka mzima. Wengine hawasumbuki. Wengine huchoka. Mjue mtoto wako.

Alama hutolewa juu ya 20, na hapa wazazi wa Kenya hushtuka. Mtoto analeta 13 nyumbani, mzazi anapiga hesabu ya asilimia 65 na kuanza kununa. Katika mfumo huu kupita ni 10. Kwenye Baccalauréat, 12 ina sifa yake, 14 inaitwa nzuri, na 16 ni nzuri sana. Hakuna anayetarajia 19. Baccalauréat yenyewe siku hizi huchanganya asilimia 40 ya alama za darasani na asilimia 60 ya mitihani ya mwisho, ikiwemo falsafa na mtihani wa kuzungumza mbele ya majaji. Mtoto mwenye aibu ya kuongea ataisikia hiyo.

Lugha mbili, na ile ya tatu

Shule ikisema ina lugha mbili, uliza saa ngapi kwa wiki kwa kila lugha, na masomo gani hufundishwa kwa lugha ipi. Kuna shule inayogawa wiki nusu kwa nusu. Kuna nyingine ambayo kila kitu ni Kifaransa na Kiingereza ni somo la saa chache. Zote zinaitwa za lugha mbili.

Kama nyumbani hakuna anayejua Kifaransa, umri wa kuingia ni muhimu kuliko kitu kingine chochote. Mtoto wa miaka 3 au 4 ataokota lugha akicheza. Mtoto wa miaka 9 anaingia darasa ambalo sayansi, historia na hesabu zote ziko kwa lugha asiyoijua, na shule nyingi zitampima Kifaransa kabla ya kumpokea. Uliza kama kuna mwalimu wa kuwasaidia wanaoanza lugha, kwa muda gani, na kama msaada huo umo ndani ya karo au una bili yake.

Kisha kuna kazi ya nyumbani. Watoto hufundishwa mwandiko wa kuunganisha herufi tangu mapema, kwenye madaftari ya mistari mingi ambayo huyapati kwa duka la mtaani. Nambari za desimali huandikwa kwa koma, kwa hivyo tatu na nusu ni 3,5. Hata kugawanya kwa maandishi kuna mpangilio wake: kigawanyi kinakaa upande wa kulia. Mzazi aliyefundishwa kugawanya kwa njia yetu anataka kumsaidia mtoto, na mtoto anamwambia, "Mama, si hivyo." Ukipiga bajeti, weka pesa ya mwalimu wa kusaidia jioni au ya wewe mwenyewe kujifunza. Alliance Française ya Nairobi ina madarasa ya watu wazima.

Lugha ya tatu ni Kiswahili. Tunaandika kwa Kiswahili, basi hatutaki kuipitia haraka. Katika shule ya Kenya mtoto anafundishwa Kiswahili apende asipende. Katika mfumo wa Kifaransa hakuna sheria kama hiyo. Uliza kama kinafundishwa, na kama jibu ni hapana, jua kwamba kazi ni yenu nyumbani: hadithi, redio, shosho, kanisani au msikitini. Mtoto anaweza kumaliza miaka 15 akiandika insha tamu ya Kifaransa na asiweze kusoma barua ya chifu wake.

Na kwa majirani zetu waliotoka Goma, Bukavu au Lubumbashi, ambao nyumbani wana Kiswahili na Kifaransa tayari: mfumo wa shule za Kongo si mfumo wa Ufaransa. Kule mtoto humalizia na mtihani wa taifa wa serikali ya Kongo. Lugha ya kufundishia ni ileile, lakini mtaala na cheti ni tofauti. Mtoto wako atakuwa mbele kwa lugha, ila usichukulie kwamba darasa alilotoka ndilo atakaloingia.

Je, hii ni yenu?

Tunaona familia za aina tatu zikifikiria shule hizi.

Kuna familia zinazohama kwa kazi: mashirika ya kimataifa, balozi, benki za kanda. Leo Nairobi, baada ya miaka 3 ni Abidjan. Kwao mfumo unaofuata mtoto kila nchi una thamani ya wazi, na mara nyingi mwajiri hulipa sehemu ya karo. Swali lao ni moja: mkataba wa kazi ukiisha, nani atalipa?

Kuna familia ambamo mzazi mmoja anazungumza Kifaransa. Kwao shule ni njia ya mtoto kuongea na nusu ya ukoo wake. Kama mtoto ana uraia wa Ufaransa, kuna msaada wa karo unaoombwa kupitia ubalozi kulingana na mapato ya familia. Mtoto asiye raia wa Ufaransa hapati msaada huo, kwa hivyo usiupange kwenye bajeti yako kwa kusikia kwamba jirani aliupata.

Kisha kuna familia za Kenya ambazo hazina ukoo wa Kifaransa wala safari, ila zinaona mbele: Rwanda, Burundi na, tangu 2022, Kongo wamo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kifaransa kinafungua biashara na kazi. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini familia hizi ndizo zinazohitaji kufikiri zaidi, kwa sababu kuna njia ya bei nafuu ya kufika karibu na palepale. Mtoto anaweza kubaki shule ya Kenya na kusoma Kifaransa pembeni hadi afanye mitihani ya DELF, ambayo ina ngazi za A1, A2, B1 na B2. Ngazi ya B2 ndiyo vyuo vingi vya Ufaransa huomba. Haitampa Kifaransa cha mtoto aliyekulia humo, lakini gharama yake ni sehemu ndogo tu ya karo tunayoongelea hapa.

Fikiria pia mwisho wa safari. Mwenye Baccalauréat huomba chuo cha Ufaransa kupitia Parcoursup, jukwaa lilelile la wanafunzi wa huko, ingawa visa bado ataihitaji. Kwa wale wasio wa Umoja wa Ulaya, vyuo vya umma viliwekewa ada ya juu zaidi kuanzia 2019. Kwa shahada ya kwanza ilianza na euro 2,770 kwa mwaka, na baadhi ya vyuo huipunguza. AEFE ina ufadhili uitwao Excellence-Major kwa wanafunzi wasio Wafaransa waliofanya vizuri sana katika shule zake, lakini ni wa wachache. Kama mtoto atataka kurudi chuo cha Kenya, kumbuka KUCCPS imejengwa juu ya mitihani ya Kenya. Cheti cha nje kinahitaji barua ya ulinganisho, basi ulizia KNEC na KNQA mapema, si wiki ya kufungua chuo.

Hesabu yenyewe

Sasa tufungue kikokotoo. Nambari zifuatazo ni za mfano tu. Weka za shule yako.

Tuseme karo ni KSh 200,000 kwa muhula, mihula 3. Hiyo ni 600,000 kwa mwaka. Basi la shule 45,000 kwa muhula, yaani 135,000. Chakula 30,000 kwa muhula, yaani 90,000. Vitabu, madaftari na safari za darasa 60,000. Jumla ya mwaka ni KSh 885,000. Mwaka wa kwanza ongeza kiingilio, tuseme 150,000, na unafika 1,035,000.

Gawanya 885,000 kwa miezi 12: KSh 73,750 kila mwezi, kabla ya kodi ya nyumba na unga. Mtoto wa pili akija, zidisha. Uliza kama ndugu hupunguziwa.

Ile inayowashika wazazi wengi si bili ya mwaka wa kwanza. Ni nyongeza. Karo ikipanda kwa asilimia 5 tu kila mwaka, ile 600,000 inakuwa karibu 1,190,000 mtoto akifika terminale. Ukijumlisha karo ya miaka yote 15, ni karibu KSh milioni 12.9 badala ya milioni 9. Na hapo hatujagusa ukweli kwamba shule nyingi hutoza zaidi kadiri madarasa yanavyopanda. Omba ratiba ya karo ya miaka 5 iliyopita. Shule iliyonyooka haitaona aibu kukuonyesha.

Kisha kuna sarafu. Baadhi ya shule za kimataifa huandika bili kwa dola au euro. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa imefika karibu KSh 160. Kufikia katikati ya mwaka huohuo ilikuwa karibu 130. Bili ya dola 2,000 ilikuwa 320,000 wakati mmoja na 260,000 miezi michache baadaye. Mwaka huo shilingi ilipata nguvu. Mwaka mwingine inaweza kuwa kinyume. Kama mshahara wako ni wa shilingi, uliza kiwango cha kubadilisha ni cha siku gani na kinatoka wapi.

Usisahau kalenda. Mwaka wa Kifaransa unaanza Septemba na kwisha karibu na Julai, na likizo fupi kila baada ya wiki kadhaa. Wa Kenya unaanza Januari. Ukiwa na mtoto mmoja huku na mwingine kule, likizo hazikutani: mmoja yuko nyumbani Novemba, mwingine ana vipindi. Safari ya ushago inapangwa upya, na dada wa kusaidia nyumbani anahitajika miezi zaidi. Na ukitaka kumhamisha mtoto kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, kuna miezi kadhaa katikati ambayo ama anakaa nyumbani ama anarudia.

Ukiamua kulipa

Umepima na umeamua. Vizuri. Sasa pesa zifike salama.

Chukua nambari ya Paybill kwenye ofisi ya shule au kwenye barua rasmi ya kukubaliwa, si kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linaloonekana. Likiwa si la shule, simama hapo.

Usitume karo kwa nambari ya mtu binafsi, hata kama ni ya mhasibu na hata kama amesema "mfumo uko chini". Na hakuna nafasi ya shule inayouzwa na wakala. Anayekuambia atakupenyezea mtoto kwa elfu 50 anataka elfu 50, basi.

Ujumbe wa "Mzazi mpendwa, tumebadilisha Paybill" huja wiki ya kufungua shule, wakati una haraka. Piga simu shuleni kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo kwenye ujumbe.

Andika nambari ya usajili ya mtoto mahali pa akaunti, vile shule ilivyokupa. Kosa la herufi moja na malipo yako yanalala kwenye akaunti ya mtoto mwingine. Likitokea, wasiliana na shule na huduma kwa wateja siku hiyohiyo.

Jua viwango. Muamala mmoja wa pesa za simu una kikomo cha KSh 250,000, na kwa siku ni 500,000. Katika mfano wetu, muhula mmoja wa karo, basi na chakula ni 275,000. Hautapita mara moja. Lipa mara mbili na uhakikishe shule imepokea zote mbili. Kama unalipa mwaka mzima kwa pamoja, benki itakufaa zaidi.

Usingoje Agosti. Ukiweka kando kila mwezi kwenye akaunti ya akiba iliyofungwa, kwenye SACCO au chama, bili ya Septemba haikukuti kwa mkopo wa simu. Kukopa karo kwa mkopo wa siku 30 ni dalili kwamba shule hiyo ni nzito kuliko mfuko.

Na kabla ya pesa yoyote kutoka, pata majibu haya kwa maandishi:

- Kiingilio na amana hurudishwa lini, na kwa masharti gani?
- Nikimtoa mtoto katikati ya mwaka, ninadaiwa mihula mingapi?
- Karo ilipanda kwa kiasi gani miaka 5 iliyopita?
- Shule imeidhinishwa hadi darasa gani?
- Ni nini hakimo ndani ya karo: chakula, basi, safari, ada ya mtihani, msaada wa lugha?
- Naweza kulipa kila mwezi?

Swali la mwisho tumelipenda sana, kwa sababu wazazi wengi huona haya kuliuliza. Usione haya. Baadhi ya shule hukubali mpango wa malipo ukiombwa kabla ya muhula kuanza, na hukataa ukiombwa baada ya deni kuingia.

Nenda pia uketi darasani nusu saa wakati masomo yanaendelea. Sikiliza watoto wanaongea lugha gani wakati wa mapumziko, na mwalimu anafanya nini na yule asiyeelewa. Ongea na mzazi ambaye mtoto wake yuko collège, si yule wa chekechea pekee, kwa sababu yeye ndiye anayejua karo imekwenda wapi. Ukitoka hapo na bado unaona ni yenu, pesa zako zina mahali pa kwenda. Ukitoka na wasiwasi, subiri Septemba nyingine. Mtoto wa miaka 3 hana deni na shule yoyote.